Nyumba Bila Moshi

Tarehe 1 Desemba 2021 niliamka mkazi wa mji nikalala mkazi wa jiji, bila kuhama hata chumba. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametukabidhi hati, Nakuru ikawa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, vigelegele vikapigwa, na kesho yake mfereji wa ploti yetu hapa mtaa wa Section 58 ukakauka kama ilivyo desturi yake. Nilipandisha mitungi ya maji hadi orofa ya tatu nikiwa mwanajiji kamili.

Kilichobadilika kilibadilika kichwani. Zamani kutoroka jiji yalikuwa mambo ya watu wa Nairobi. Ijumaa jioni tungewaona wakishuka bondeni kwa magari yenye baiskeli mgongoni, wakijaza Naivasha, Gilgil na Elementaita, na Jumapili wakipanda tena wamebabuka pua kwa jua, wakisimama Soko Mjinga kununua kabeji na karoti. Sisi tulikuwa sehemu ya mandhari yao. Basi nikamwambia mume wangu: sasa na sisi tuna jiji la kutoroka, tutoroke.

Mume wangu ni fundi wa mbao. Kila mtu humwita Fundi, na mimi pia. Yeye huniita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: gredi ya nne, watoto sitini na wawili, chaki na makohozi. Tulikubaliana kwamba mara moja kwa mwezi tutalala nje ya Nakuru, na nyumba ya kulala iwe ya aina ambayo hatujawahi kuilalia. Hoteli za kawaida, zile za shuka nyeupe na kisabuni kilichofungwa kwa karatasi, hazimo.

Fundi alikubali haraka mno, na sababu niliijua baadaye. Mtu huyu akiingia nyumba yoyote, iwe ya harusi au ya matanga, hatazami watu kwanza. Hutazama paa. Nilikuwa nimemfungulia shule.

Safari ya kwanza haihesabiki, maana ilitugharimu nauli ya bodaboda tu na jioni tulirudi kulala kwetu. Tulikwenda Hyrax Hill, kilomita kama nne kutoka katikati ya jiji, mahali ambapo nimepeleka wanafunzi mara nyingi nikiwa na kazi ya kuwahesabu tu wasipotee. Jumba la makumbusho pale lilikuwa nyumba ya familia ya mkulima mzungu. Nyumba zenyewe hasa ziko nje, chini ya nyasi: mashimo ya duara ambamo wafugaji wa kale wanaoitwa Wasirikwa walilaza ng'ombe wao, na vibanda vya watu vikaungwa ubavuni. Mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba hapo mwaka 1937. Kuna na bao limechongwa kwenye mwamba, mashimo yake safi kabisa. Fundi aliyahesabu kwa kidole, akachutama, akakaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anatafuta walipokaa wachezaji.

Mwezi uliofuata tukaenda Njoro, kwenye ngome ya Lord Egerton.

Nadhani kila mtu aliyekulia Nakuru ana toleo lake la hadithi hii, kwa hiyo nianze na yasiyobishaniwa. Maurice Egerton, bwana mkubwa kutoka Tatton huko Uingereza, mlowezi asiye na mke, alianza kujenga mwaka 1938. Vita vya Pili vya Dunia vikasimamisha kazi. Alimaliza mwaka 1954: vyumba 52, vifaa vingi vimevuka bahari kuja kwenye shamba la ngano. Aliishi humo miaka minne tu, akafa mwaka 1958 bila mtoto, na cheo cha ukoo wake kikafa pamoja naye. Shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 ndiyo mzizi wa Chuo Kikuu cha Egerton.

Sasa yanayosimuliwa. Wanasema alimpenda mwanamke wa kwao, akamjengea nyumba ya kawaida, mwanamke akaitazama akasema ni banda la kuku. Ndipo akajenga ngome. Mwanamke alipoletwa kuiona akasema hii nayo ni makumbusho, akaenda kuolewa na mwingine. Wanasema tangu siku hiyo bwana hakutaka kuona mwanamke akikanyaga ardhi yake. Kijana anayetembeza wageni aliisimulia sehemu hii akinitazama mimi, kana kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa niaba ya wenzangu.

Mimi, niseme ukweli, nilikuwa upande wa yule mwanamke. Vyumba 52 na mume mmoja! Ungemtafuta siku nzima ili umwambie chakula kimeiva.

Fundi alikuwa amebaki nyuma, anagonga mbao za ukutani kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Alisifu maungio, na huyu ni mtu anayesifu maungio mara mbili kwa mwaka. Tulipotoka nje nikamuuliza ameionaje.

"Kazi safi," akasema. "Lakini Mwalimu, nyumba ile haijawahi kunuka kitunguu."

Pale bustanini kulikuwa na harusi. Siku hizi watu wanafungia ndoa hapo, tena kwa wingi. Bibi harusi alikuwa ameshika viatu mkononi na mama zake sita wanamzunguka kuzuia shela isiguse matope. Wanawake tu, kila mahali. Usiku huo tulilala kwa binamu yake Fundi pale Njoro mjini, kwenye sofa, kinyume na mapatano yetu, kwa sababu kwenye ngome hakulaliki na binamu angetununia mwaka mzima.

Mwezi wa Aprili ndipo nilipofanya kosa la shilingi 6,500.

Umeziona picha zake kwenye simu: nyumba yenye umbo la herufi A, mbele kioo kitupu, taa za njano, kikombe cha kahawa kimewekwa kwenye ukingo wa ubao. Zimeota kama uyoga Bonde la Ufa. Yetu ilikuwa karibu na Ziwa Elementaita. Mandhari siwezi kuyakosoa. Ng'ambo ya maji kuna kile kilima ambacho ukikitulizia macho kinageuka mwanamume aliyelala chali, paji, pua na kidevu. Wengine wanamwita Mmaasai Aliyelala, wengine Pua ya Delamere, kwa jina la familia ya walowezi yenye ardhi ile ya Soysambu. Ziwa lenyewe, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Jioni mwari weupe walipita juu yetu kwa safu, polepole, kama ndege wasiodaiwa kodi.

Fundi alisimama mlangoni hajaingiza mguu.

"Hii si nyumba," akasema. "Hili ni paa lililokosa kuta."

Nikamwambia aingie, ameshalipiwa. Lakini alikuwa sahihi, na nitaeleza kwa sababu najua wako wanaoweka akiba ya kujenga kitu kama hiki. Katika umbo la A paa ndilo ukuta. Jua la mchana linapiga mabati pande zote mbili, na joto lote linapanda kule juu kwenye dari ndogo, ambako ndiko wanakoweka kitanda ili picha ipendeze. Usiku bati linapoa upesi. Elementaita ni mahali pa juu, na baridi yake si ya mchezo. Pumzi ya watu wawili inapanda, inagota kwenye bati baridi, inageuka maji, inarudi kwa mwenyewe tone kwa tone. Kati ya bati na mbao za ndani hapakuwa na kitu chochote cha kuzuia joto wala baridi wala kelele. Fundi alipenyeza kisu kwenye upenyo kuhakikisha. Kisha ongeza kwamba nusu ya sakafu huwezi kusimama wima. Mimi si mrefu, na nilijigonga mara nne.

Saa tano usiku mvua ikaanza. Mvua ya masika juu ya bati lisilo na kizuizi chini yake si sauti, ni kipigo. Fundi alifungua mdomo kuniambia neno, nikaona meno tu. Stima ikapotea. Saa nane tukashuka ngazi kwa makalio, tumejifunga mablanketi, tukaona mwanga kwenye kibanda cha nyuma: jiko la mlinzi, mabati chakavu na mlango wa maturubai.

Kijana wa watu alikuwa macho, anachemsha chai. Alitukaribisha bila kushangaa, na hilo peke yake lilinieleza mengi. Kulikuwa na mafiga matatu, moto mdogo, moshi uliofika kiunoni mwa mtu aliyesimama, na joto la kweli. Akatupa turungi kwenye vikombe vya plastiki na viazi viwili vya majivuni.

"Mwenye nyumba huja?" Fundi akamuuliza.

"Huja kwa simu."

"Na kwa miguu?"

"Mara mbili. Alileta mtu wa kupiga picha."

"Wewe umewahi kulala mle ndani?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa heshima zote. "Madam, mimi nina akili zangu."

Kesho yake hatukungoja kiamshakinywa cha kwenye tangazo. Tulishika njia ya Kariandusi, upande wa Gilgil, ambako Louis Leakey, mume wa yule Mary, aligundua mahali pa zana za mawe mwaka 1928. Mashoka ya mkono bado yamelala chini palepale, mengine ya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Jirani yake kuna machimbo ya ule udongo mweupe mwepesi kama unga, masalia ya viumbe vidogo vya ziwa la kale, unaotumika kuchujia vinywaji. Watu husema zana zile zina umri wa mamia ya maelfu ya miaka, nami huwaambia watoto hivyo, lakini namba kama hiyo haiingii kichwani mwa mtu. Kilichoingia ni Fundi kuinama juu ya jiwe moja lenye umbo la tone la maji.

"Tazama, amelinganisha pande zote mbili. Bila rula." Kisha baada ya muda: "Na huyu alilala wapi mvua ikija?"

Hapakuwa na jibu ukutani. Tulikuwa tumelowa bado.

Kontena nitalitaja kwa haraka. Tulilala kwenye moja huko Naivasha, mwezi wa Juni. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12 na kidogo, na upana wa ndani mita 2.35 hivi, ambayo ni sawa na kulala kwenye korido iliyopakwa rangi nzuri. Wenyewe walikuwa wamelifanyia kazi vizuri, wametia sponji ukutani na kivuli cha miti juu. Sina la kulalamikia. Ila usiku nilizinduka nikidhani nasafirishwa.

Kakamega sasa, ambako nilipata aibu.

Kwetu ni Shinyalu. Mama yangu yupo, nyumba yetu ipo, chumba changu cha usichana kipo na sasa kinahifadhi mahindi. Na mimi, mtoto wake wa pili, nilikwenda nikakodi nyumba ya mbao ukingoni mwa Msitu wa Kakamega, mwendo wa nusu saa kutoka kwa mama, bila kumwambia. Nilijitetea moyoni kwamba ni mapatano. Ningefika nyumbani Jumapili na sukari na majani chai, kama mtu aliyetoka Nakuru moja kwa moja.

Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi zilikuwa za raha. Msitu huu ni kipande cha mwisho nchini cha ile misitu mikubwa ya Kongo, na mtu aliyezaliwa karibu nao huwa hauoni, kama asivyoona pua yake. Nilikuwa nikiujua kama mahali pa kuni na pa kukatazwa kuokota kuni. Sasa nilikaa barazani na kikombe nikitazama mbega, ile mikia yao mirefu myeupe, wakiruka kana kwamba nimewalipia. Mchana tulikwenda Rondo kuona nyumba ya mwaka 1948 iliyojengwa na mwenye kiwanda cha kupasua mbao. Inasimuliwa kwamba mkewe ndiye aliyechagua mahali, chini ya mti mkubwa mno. Fundi alizunguka nyumba mara tatu. Mtu aliyepasua mbao maisha yake yote, akasema, ukiona amemwachia mkewe mti mmoja mzima, huyo alipenda.

Tuliporudi tukamkuta mama yangu ameketi barazani kwetu.

Mama aliyetuletea chai asubuhi ni wa kanisa lake. Ningejua nisingekunywa hiyo chai. Mama yangu alikuwa amevaa kitambaa cha kichwani cha Jumapili, na miguuni pake kulikuwa na jogoo amefungwa miguu, amejilaza kwa hasira.

"Karibu, Mama," nikasema. Kwenye nyumba ya kukodi, karibu na kwao!

Hakunijibu hilo. Alimwamkua Fundi kwa upole, maana mkwe hana kosa. Kisha akamgeukia kijana wa mapokezi aliyekuwa amesimama pembeni.

"Mwenye nyumba yuko wapi? Nimemletea kuku."

Kijana akaeleza kwamba mwenye nyumba ni kampuni. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tena, yuko wapi, amesafiri? Kijana akasema kuna meneja, yuko Nairobi, na wenye hisa. Mama akauliza mara ya tatu. Nilimjua, hakuwa anafanya mzaha hata kidogo. Kwetu mtoto wako akilala kwa watu, unakwenda kumshukuru mwenye nyumba, na huendi mikono mitupu. Alikuwa amekuja kutengeneza aibu yangu kwa njia pekee aliyoijua, na njia ilikuwa imekatika mbele yake.

"Kuku hapewi kampuni," akasema hatimaye, si kwa yeyote.

Alikagua nyumba. Alishika mapazia. Akauliza jiko liko wapi, akaonyeshwa kile chombo cha stima cha kuchemshia maji. Akauliza bei, nikamtajia nusu, akashika kifua hivyo hivyo. Jogoo alimpa yule mama wa kanisa, ambaye naona ndiye aliyefaidi wikendi hiyo kuliko sisi sote. Usiku wa pili tuliokwisha kuulipia uliliwa na msitu. Tulilala nyumbani, mimi katikati ya magunia ya mahindi. Asubuhi nilipokwenda jikoni kwa mama nilisimama kitambo nikitazama juu. Ni jiko la nje, paa la bati, jeusi tititi kwa masizi ya miaka. Bati la nyumba kubwa, lililowekwa mwaka uleule, lina kutu na limetoboka mara mbili. La jikoni halina tundu. Nilimwita Fundi aje aone. Alikuwa ameshaliona usiku.

Hilo la masizi ndilo lililotupeleka Seme, upande wa Kisumu, ingawa wakati tunapanga tulisema tunakwenda kuona mawe ya Kit Mikayi.

Ijumaa baada ya kengele tulipanda matatu hadi Kisumu, tukala samaki Dunga usiku miguu ikiwa karibu na maji, na asubuhi tukashika barabara ya Bondo. Kilomita kama 29 hivi unayaona: mawe makubwa kama maghorofa yamepandana juu ya mengine, kana kwamba mtu aliyapanga akaitwa kwenda kula asirudi. Kit ni jiwe, mikayi ni mke wa kwanza. Wanasimulia mzee mmoja aliyelipenda jiwe hili hata akawa kila asubuhi anakwenda kukaa pangoni mwake hadi jioni, na mkewe akawa anampelekea chakula huko. Watu wakimuuliza mama yule mume wako yuko wapi, anajibu: amekwenda kwa mikayi. Wako wanaokuja kuomba na kufunga humo hadi leo, na tulipoingia mapangoni tulizisikia sala zao kabla hatujawaona.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye boma la bibi mmoja si mbali na mawe: simba ya duara, kuta za udongo, paa la nyasi, shilingi 2,500. Simba kwa Wajaluo ni nyumba ya kijana, karibu na lango; aliijenga kitinda mimba wa bibi kabla hajaenda kazi ya mbali, na mjukuu ndiye aliyeitia kwenye simu ili watu wa mjini waikodi. Bibi mwenyewe anaishi kwenye nyumba ya mabati na saruji iliyojengwa kwa pesa alizotuma huyo huyo kijana. Tulimwita Dani, yaani nyanya au shosho, kama wajukuu wake. Naye aliniita nyara, binti yangu, kabla sijamaliza kutaja jina.

Nilimwambia tumetoka kuona jiwe.

"Mikayi wa jiwe hapiki," akasema. "Aliyekuwa anapanda na sufuria kichwani ni nani?"

Usiku ule kuna kitu kilikuwa kikitudondokea. Si maji. Kilikuwa kama unga, laini, kinaanguka juu ya neti kwa sauti ya mtu anayenong'ona, na ndani ya nyasi kulikuwa na watafunaji, krr, krr, bila kupumzika. Fundi akapanda juu ya kiti na tochi, akashika ufito mmoja. Ulivunjika mkononi mwake kama biskuti.

Akakaa kitandani akanieleza, saa saba za usiku, kwa furaha ambayo sikuielewa kwanza. Paa la nyasi husimamishwa mteremko mkali ili maji yakimbie, hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni kwamba lilikusudiwa kukaa juu ya moto. Moshi unapanda, unakausha nyasi kila siku kutoka ndani, unapaka masizi kwenye kombamoyo na fito, wadudu wanakimbia, unyevu hauozeshi. Nyasi hizo hizo, kamba hizo hizo, ondoa jiko chini yake, na paa linaanza kuliwa. Simba hii ilikuwa haijawashwa moto tangu mwenyewe aondoke.

Asubuhi alimweleza Dani kwa adabu, kama daktari anayetoa habari mbaya.

"Najua," Dani akasema. "Wageni walisema moshi unanuka kwenye nguo. Mjukuu akaniambia, Dani, usiwashe. Na mimi mwenyewe macho haya yalikwisha kwa moshi, daktari amenikataza." Akamtazama Fundi, kisha mimi, akituhesabia umri. "Ninyi macho yenu ni mazima?"

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa siku ya pili, tena kabla ya uji.

Tulitoa godoro na neti na shuka tukavianika nje. Fundi akabeba mafiga matatu kutoka jiko la zamani. Dani alisimama kwenye kivuli akielekeza kwa fimbo: kuni kavu kwanza, zishike, kisha zile mbichi kidogo, kisha majani ya mwarobaini juu. Mlango urudishwe, usifungwe. Tukaingia. Ukiwa kwenye moshi kaa chini kabisa, karibu na sakafu, ndiko kwenye hewa. Hilo nilifunzwa utotoni nikawa nimelisahau. Sakafu ilikuwa imesiribwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, baridi na safi. Tulilala kifudifudi kama watoto wanaojificha, tukikohoa, tukitoka kupumua, tukirudi kusukuma kuni.

Kisha wakaanza kushuka. Mende kwanza, halafu buibui, halafu vidudu vyeupe nisivyovijua jina, na mjusi mmoja aliyetoka mbio bila kuangalia nyuma. Kuku wa Dani walikuwa wameshajipanga mlangoni. Sijui nani aliwaambia. Walikula waking'ang'aniana, na Dani huko nje akacheka mpaka akalazimika kukalia kigoda.

Iliendelea hadi saa sita. Tulipotoka mara ya mwisho nyumba nzima ilikuwa inafuka kwa juu, moshi unapenya nyasi polepole pande zote, na jirani wawili walikuwa wamekuja kuuliza kijana amerudi?

"Bado," Dani akawajibu. "Ni wageni."

Nilipotoa simu kumtumia pesa alisema nipunguze shilingi 500 za kuni. Nikamwambia kuni ni zake. Akasema basi ni za macho. Tulibishana kidogo, akashinda. Kisha akampa Fundi yai moja la kuchemsha kwa ajili ya njia, na mimi mawili.

Tulifika Nakuru usiku wa manane, mfereji mkavu, mtungi mmoja tu wa maji ndani. Tuliyagawana nyuso na miguu, tukalala. Asubuhi nilivaa sweta lile lile kwa sababu la pili lilikuwa chafu zaidi, nikaingia darasani, nikaanza kuandika tarehe ubaoni. Nyuma yangu darasa lilikuwa kimya kwa namna isiyo ya kawaida. Nikageuka. Msichana wa dawati la mbele alikuwa ameinua pua, amefumba macho.

"Mwalimu," akasema, "leo unanukia kama kwa shosho."